Sirjeteze mu nyumba ya mufanyakazi: inalipa ao hapana?

Tangu miezi kidogo, pa biro ya sendika swali moja inarudia-rudia. Haihusu primu, haihusu hospitali. Ni bamama njo banaiuliza, mara ingine bwana anasimama nyuma, anaangalia chini: "Papa delege, dekonte finale ikitoka, tununue sirjeteze ao hapana?" Sisi ba delege tunajuaka kusoma kontra na fishi ya mushahara. Lakini kati yetu kuko benye bibi zao banashona, na kuko hata benye banashona bao benyewe saa ya konje. Basi tulikaa pamoja, tukaenda kuuliza bafundi mu Kenya na mu Katuba, tukahesabu. Jibu yetu haiko ndiyo, haiko hapana. Iko mu kaye yako, kama uko na kaye.

Kwa nini swali ya mashini ya kushona inafika ku sendika? Juu franga yenye banataka kuinunua nayo ni jasho ya mine. Mu sutretansi kontra ni ya miezi sita, ni ya mwaka moja, kisha inaisha. Siku ile banakupa dekonte, unarudi Ruashi ao Katuba na franga yenye haujashika pamoja tangu mwaka ianze. Ile franga inakuja mara moja. Juma inayofuata ndugu balishajua, deni zilishajua, na kila mutu iko na mawazo juu ya kitu yenye "itazaa". Benye miaka yao iko karibu na yetu banakumbuka 2003, wakati Gécamines ilifanya mupango ya kutoka kwa kupenda na franga ya Banki ya Dunia, na batu zaidi ya 10,000 baliacha kazi. Mu lupango zetu tuliona mulini za bunga, frigo, taksi, na mashini za kushona pia. Tuliona vilevile zile zenye zililala chini ya bashi kisha mwaka moja. Hatusemi kama kushona ni kubaya. Tunasema kitu yenye inalala ni mushahara yenye inalala.

Tusikilizane kwanza juu ya jina. Kwa Kifaransa ni surjeteuse, bengine banasema surfileuse, benye banapitaka Kasumbalesa banasema ovaloki. Ni mashini yenye inafanya kazi tatu kwa mara moja: inakata ukingo wa kitambaa na visu vyake, inazungusha uzi ku ule ukingo juu usifumuke, na inaunga bipande bibili pamoja. Haina na kaneti chini kama mashini ya kawaida. Iko na sindano moja ao mbili, na ndani iko na vyuma bibili bya kupinda, bafundi banaviita bukleri, yenye inapitisha nyuzi moja juu, moja chini. Kwa hiyo inakunywa nyuzi tatu ao ine. Za fabriki kubwa zinafika tano.

Sasa tuseme yenye haifanyi, juu hapa njo batu benye banauzisha banakufa sauti. Sirjeteze haishone fermeture. Haitoboe tundu ya kifungo. Haitie mufuko ku patalo, haiweke kola ku shemize, haipige mustari wa juu wenye unaonekana. Tulikutana na mama moja mu Kampemba mwenye alikuwa tayari kuuzisha mashini yake ya pedale, ile nyeusi ya Butterfly, juu aongeze bei ya sirjeteze. Tulimuomba angoje. Kuuzisha ya pedale juu ya kununua sirjeteze ni kuuzisha sufuria juu ya kununua kifuniko. Mashini ya kwanza mu nyumba ni ile inapiga mushono wa kunyooka. Sirjeteze inakujaka ya pili, na mu nyumba mingi haina lazima ije.

Hata kwa historia iko vile. Ile mashini ilianzia Marekani mu miaka ya 1880, mu fabriki ya familia Merrow kule Connecticut, juu ya nguo za kufuma, za aina ya triko, zenye ukikata tu zinafumuka zote. Ilikuwa kitu cha fabriki. Ndogo ya kuweka pa meza ya nyumba ilitoka Japani mu miaka ya 1960. Lakini bakoko yetu ba mu kampi ya Union Minière balianza kushona mbele ya pale. Kampani ilipoanza kuacha mufanyakazi aishi na bibi na batoto mu kampi, kisha miaka ya 1920, ilitia mu kampi ile mambo ya fwaye sosiale, na bibi za bafanyakazi balienda kule kujifunza kushona, kufuma, kupiga pasi. Tunajua ile fwaye ilikuwa pia njia ya kampani ya kuingia mpaka mu jiko ya mutu, na hiyo ni mazungumzo ya siku ingine. Lakini kushona balijua. Nguo zao zilidumu, na ndani zilikuwa safi bila sirjeteze hata moja mu kampi nzima.

Namna gani? Fanya hii leo mangaribi, haiombi hata franka. Chukua nguo ine mu nyumba, uzigeuze ndani inje: salopette ya kazi ya bwana, patalo ya jini, libaya ya kikwembe, na tisheti. Weka pa kitanda, angalia mishono.

Ku jini, angalia mushono wa ndani ya muguu. Kitambaa imekunjwa, ukingo umeingia ndani ya mwenzake, mistari mibili imepita juu. Bafundi banaita kupindua. Pale hakuna ukingo wa kufumuka juu hakuna ukingo wenye unaonekana. Salopette nyingi za kazi nguvu ziko vile mu miguu na mu mabega, na hiyo haiko bahati: mushono wa kupindua unavumilia kuvuta kuliko wa sirjeteze peke yake. Mashini ya pedale inaifanya, polepole, lakini inaifanya.

Ku libaya, kama fundi wako ni wa zamani, unaweza kukuta mushono wenye umeshonwa mara mbili: kwanza upande wa inje, akakata nyuzi, akageuza, akashona tena upande wa ndani. Kwa Kifaransa banaita "couture anglaise". Ukingo umefungwa ndani kama barua mu bahasha. Na kikwembe ya waksi ni pamba yenye imefumwa kwa kukaza, haina haraka ya kufumuka. Libaya yenye iko na dubliri ndani haiombi kitu hata kidogo, juu mishono yote imejificha.

Kisha geuza tisheti. Hapa tunakubali, hapa hatubishane na mutu. Ule mushono wenye nyuzi zimelala kama nyayo za konokono ku ukingo ni wa sirjeteze, na hakuna njia ingine muzuri. Kitambaa yenye inavutika, jerse, polo, manguo ya mupira ya batoto, inaomba mushono wenye unavutika nayo. Ukishona na mustari wa kunyooka, mutoto anavaa mara moja, kichwa inapita, uzi unakatika, mama anakurudishia nguo mbele ya kliyenti ingine. Kama kazi yako ni tisheti za timu ya mutaa, ao za kwaya, ao za Mei Mosi yenye sisi sendika tunaagizaka, sirjeteze haiko anasa. Ni chombo cha kazi kama vile burini ku muchimbaji.

Mubaki ni iniforme ya masomo, na hapa njo swali ya kweli iko, juu bamama bengi benye banakuja kwetu banahesabia iniforme. Nyeupe na bleu, kila mwaka, mu Katanga nzima. Kitambaa ya bleu ya bei ya chini ni ya kuchanganya na plastiki, inateleza, na ikikatwa inafumuka hata ukiangalia tu. Mama wa mutoto anageuza jupe mbele ya kulipa, anaona nyuzi, anaomba apunguziwe. Sirjeteze inatoa ile mabishano. Tuliona kwa macho.

Lakini bei yake? Tuchukue jupe ya mutoto wa miaka 10. Bipande bitatu, mishono mitatu ya karibu nusu metre, kila mushono uko na kingo mbili, na pindo chini karibu metre moja. Jumla metre ine. Sirjeteze ndogo ya nyumba inapiga karibu mara 1,300 kwa dakika. Kama kila hatua ni milimetre 2.5, inapita metre tatu na zaidi kwa dakika. Basi jupe inaisha kwa dakika moja na kidogo. Mashini ya kawaida ya umeme yenye iko na zigizagi inapiga karibu 800 kwa dakika, kwa hatua ya milimetre 2, ni metre moja na nusu kwa dakika. Jupe inaisha kwa dakika mbili na nusu. Umechunga dakika moja na robo. Mu kazi ya kweli unageuza kitambaa, unasimama, mutoto anakuita, tuzidishe mara tatu: dakika ine kwa jupe. Jupe kumi kwa juma ni dakika makumi ine. Kwa mama mwenye anashona jupe kumi kwa juma, zile dakika haziwezi kulipa mashini. Kwa mwenye anashona mia moja, ni saa karibu saba kila juma, na pale mazungumzo yanabadilika.

Mwenye iko na pedale nyeusi, ile yenye inapiga kunyooka tu, hana zigizagi, na kufunga ukingo kwa mukono kunakula usiku wote. Huyo njo kwa kawaida anapelekaka nguo inje. Tunajua bote ginsi inafanyika: unashona, unaweka nguo mu sashe, unaenda ku fundi mwenye iko na sirjeteze pale soko ya Kenya ao karibu na kwako, anapitisha, unamulipa kwa kila nguo. Bamama banalalamika juu ya ile franga, banasema "kila siku tunamutajirisha mwingine." Inaweza kuwa kweli. Lakini ile franga njo kipimo chako, na haukuitafuta, iko mu mukono wako. Gawanya bei ya mashini na bei ya kupitisha nguo moja.

Tuseme, ni mufano tu, mashini na motere na koni za kwanza inafika dola 250, na fundi anakuomba nusu dola kwa nguo. 250 ugawanye na nusu, ni nguo 500. Kama unashona nguo ine kwa juma, utafika ku 500 kisha miaka mbili na miezi. Kama unashona makumi mbili kwa juma, utafika kisha majuma 25, ni miezi sita. Ongeza transpor yenye unalipa kwa kwenda na kurudi, juu haiko bure, na masaa yenye unangoja pale. Tia bei zako mu nafasi ya zetu. Kama jibu inapita miaka mbili, sisi tunasema endelea kumutajirisha yule fundi. Yeye njo anatengeneza mashini ikikufa, yeye njo ananunua sindano, na franga yako inabaki kwako juu ya malaria na minerval.

Na usihesabu na kaye ya mwezi wa 8! Kila fundi wa Lubumbashi ni tajiri mwezi wa 8 na mwezi wa 9. Kisha iko mwezi wa 12 juu ya Noeli, mwezi wa 3 juu ya bikwembe bya tarehe 8, na kidogo mwezi wa 5. Mwezi wa 2 kuko nini? Mvua. Kaye yenye haionyeshi mwezi wa 2 ni kaye ya uongo. Bamama benye hawana na kaye, waanze leo, mustari moja kwa kila nguo: tarehe, nguo gani, bei, nani hajalipa. Kisha miezi mitatu swali ya sirjeteze itajijibu yenyewe, na kuna hatari kaye ionyeshe kama shida yako haikuwa mashini, ni makopo ya majirani.

Uzi unaogopesha batu bure. Ni kweli sirjeteze inakunywa: kwa metre moja ya mushono wa nyuzi tatu inakula karibu metre 14 ya uzi, wakati mushono wa kunyooka unakula mbili na nusu ao tatu. Jupe yetu ya metre ine itakula metre 56. Lakini koni ya metre 5,000, ukiwa nazo tatu, ni metre 15,000, na hiyo inafika jupe 260 na zaidi. Kwa jupe moja uzi ni karibu bure. Yenye inauma ni kufungia franga mu rangi: kila rangi inaomba koni tatu. Nyeupe tatu, bleu tatu, nyeusi tatu, tayari koni tisa mbele ya kushona kitu. Mwenye anafanya iniforme tu anaishia ku sita. Ku bikwembe, rangi ya majivu inapita mu karibu yote.

Kisha kuko umeme, na hapa Lubumbashi hatuna lazima ya kueleza delestaji. Mashini kubwa ya fabriki, yenye iko na meza yake, inapiga mara 5,500 na kupita kwa dakika, na motere yake ya zamani inazunguka hata wakati haushone. Iko inakula umeme, inapiga kelele, na pano ndogo ya jua haiiwezi. Kama umekuta ile yenye motere ni ya servo, inakula tu wakati unakanyaga, hiyo ni afazali. Ile ya pulastiki yenye inakuja mu koli ya ndugu wa Ubelgiji ao ya Dubai inakula kidogo sana, na ni muzuri kwa nguo nyepesi. Lakini angalia nyuma yake kama imeandikwa volti 220 ao 110. Ya 110 ukiichomeka hapa bila transfo, moshi. Na haipende salopette, haipende jini ya kukunja mara ine.

Yenye tunaipenda kwa mutaa yetu ni ya tatu, na maduka hayaipigie sauti: sirjeteze ndogo ya chuma ya China, ya nyuzi tatu, aina banaita GN1-1. Haiko muzuri kwa macho. Lakini unaweza kuifunga ku meza ya pedale, ikatembea na miguu. Umeme ukienda, unaendelea. Umeme ukirudi, ukitaka, unatia motere ndogo. Iko na sindano moja, visu vyake vinatolewa na kunolewa, na fundi yeyote wa mashini nyeusi anaweza kuifungua. Inaomba mafuta kila siku, matone mu matundu yake, juu haina na tanki ya mafuta ndani kama zile kubwa. Mwenye anasahau mafuta, chuma itakula chuma, na atakuja kusema ya China ni mubaya.

Tuingie mu jambo yenye inatuhusu sisi kabisa. Kuko maneno inatembea mu mitaa kama kampani za mine zitaanza kununua salopette kwa bamama ba bafanyakazi, juu ya sheria ya sutretansi. Sheria iko, ni ile namba 17/001 ya tarehe 8 mwezi wa 2 mwaka 2017, na inasema kazi za sutretansi ni za biashara zenye mutaji yake mingi iko mu mikono ya Bakongomani. Lakini haisemi popote kama mama mwenye sirjeteze mu salon yake atapata soko. Juu ya kuuzishia mine, unaomba biashara yenye imeandikishwa, fakture, tarehe za kutoa, salopette mia tano zenye vipimo sawa, utepe wa kuangaza usiku wenye hautoki mu kufuliwa. Na mushono wa salopette unaomba mashini ya nyuzi tano, ao ya kupindua, na batu benye banajua kuzitembeza. Tulisikia bafamilia bawili benye bataka kukopa mu cité, kwa mukopo yenye inazaa kila mwezi, juu ya ile soko yenye hakuna mutu amewahi kuonyesha karatasi yake. Mutu akikuambia kuko soko, muombe karatasi yenye kashe na sahihi. Leta ile karatasi ku delege wako, tutaisoma pamoja, hatuombi kitu. Mbele ya ile karatasi, usinunue mashini juu ya ile soko.

Kwa wenye hesabu yao iko katikati, nguo mingi lakini haijafika ku makumi mbili kwa juma, kuko njia yenye tuliona inatembea: familia tatu ao ine, za lupango moja ao za likelemba moja, kununua moja. Tuliona pia ginsi inapasuka. Haipasuke juu ya franga ya kununua. Inapasuka mwezi wa 8, wakati bote banaitaka asubuhi moja. Inapasuka wakati kisu kimekatika na hakuna mutu alikuwa pale. Na inapasuka zaidi wakati bwana wa moja anapelekwa Fungurume ao Kolwezi na familia inahama: mashini inabaki na nani, na yule anarudishiwa ngapi? Ile mambo iandikwe siku ya kununua, siku yenye bote bangali banacheka. Ukurasa moja ya kaye inatosha: kila mutu alitoa ngapi, siku gani ni ya nani, mwenye anapitisha nguo ya inje anatia ngapi mu sanduku ya sindano na mafuta, mwenye anahama anapata ngapi na kwa muda gani. Majina, sahihi, na mushuhuda mwenye haiko ndugu ya mutu. Sisi tunafanyaka akordi na kampani kubwa kwa karatasi. Na mama Fulani jirani pia tufanye kwa karatasi, urafiki hautakufa kwa ile. Mashini ikae kwa mwenye hana batoto badogo. Ile visu viko bya kweli, na kidole cha mutoto kinaingia pale.

Kama umehesabu na kaye imesema ndiyo, usiende soko mikono mitupu. Beba bipande bitatu vya kwako: kitambaa ya bleu ya iniforme, kikwembe ukiikunja mara mbili, na tisheti ya zamani. Beba uzi wa rangi tatu tofauti, uombe batie kila rangi mu njia yake. Ni kwa hiyo utajua uzi gani unalegea: kama rangi ya bukleri ya chini inapanda juu ya kitambaa, unajua ni wapi pa kugusa, na nyuzi za rangi moja zinaficha yote. Omba bakuonyeshe kutia uzi mbele yako, kisha utoe wote, utie weye mwenyewe. Mu karibu zote, unaanza na bukleri ya juu, kisha ya chini, sindano njo ya mwisho. Mwenye anaanza na sindano, uzi unakatika kila mara, anafikiri mashini imekufa. Vuta mushono wa tisheti kwa nguvu: kama uzi unakatika mbele ya kitambaa, kaza na ulegeze tena, ao acha. Angalia kisu kama kinakata safi ao kinatafuna. Uliza inakula sindano gani na uone pale pale kama zinauzishwa mu soko. Kubwa nyingi zinaomba DCx27, nyingi za nyumba zinaomba HAx1, na sindano ya moja haiingie vizuri mu ingine. Izungushe na mukono, polepole, bila umeme, usikilize kama chuma inagonga chuma. Na muuzishaji mwenye anakataa uweke kitambaa yako, anasema "mama, ni mupya, haina shida", mwambie asante, uvuke barabara, uulize duka ingine.